Machubwi Matatu Chini ya Kanga

Baba aliniambia nigeuke nitazame ukuta, kama tulivyokuwa tukicheza nilipokuwa mdogo. Nikageuka. Nyuma yangu nikamsikia akiguna, akisogeza kiti, kisha kale kamlio ka koleo linapobana risasi. Kimya kidogo. Koleo tena. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele, akasema kwa mambo yetu haya leo tutakula na mawe. Koleo mara ya tatu.

"Haya, geuka."

Mezani kulikuwa na ubao wangu niliousafirisha kutoka Dar es Salaam ukiwa umefungwa kwenye shuka. Juu ya ubao, uzi mmoja wa gitaa, ule wa chuma mtupu usiozungushiwa waya, umekazwa kati ya vigingi viwili vilivyoachana sentimita 80. Kanga ya mama ilikuwa imetandikwa juu ya migongo ya viti viwili kama hema, isiguse uzi lakini isiniruhusu kuona kitu, isipokuwa sentimita chache upande wa kulia, nilipoweka maikrofoni. Chini ya kanga ile baba alikuwa amebana machubwi matatu mahali alipotaka mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuupiga uzi, kuusikiliza, na kusema yako wapi bila kufunua.

Nilikuwa na uhakika wa mtu aliyejaribu jambo mara arobaini na likakubali mara zote arobaini. Nikaupiga uzi kwa ukucha. Laptopu ikachora vilima vyake. Programu ikahangaika kwa nusu dakika, halafu ikaandika namba tatu, nami nikazitangaza kwa sauti ya mtu wa bahati nasibu: la kwanza sentimita 14 kutoka kushoto, la pili 27, la tatu 41.

Baba akafunua kanga. Akachukua futikamba ya mama ya kushonea, akainamisha uso hadi karibu uguse uzi, maana macho yake yana mtoto wa jicho na sasa anasoma kwa pua, kama anavyotania mwenyewe. Akapima taratibu.

"Kumi na nne," akasema. Akasogeza kidole. "Ishirini na saba." Akasogeza tena. "Na moja, arobaini na moja. Umepatia zote, mwanangu."

Mama akapiga kigelegele akiwa na ungo mkononi. Baba akacheka, akapiga meza, uzi ukalia peke yake. Mimi nikautazama ubao. Baba alikuwa amekaa ng'ambo ya meza, tumetazamana. Kushoto kwake kulikuwa kulia kwangu. Kutoka upande wangu, upande ambao programu iliandikwa kuuita kushoto, machubwi yalikuwa kwenye 39, 53 na 66.

Nilikuwa nimekosea yote matatu, na nyumba nzima ilikuwa ikinipongeza.

Nieleze kazi yenyewe. Chukua uzi ule ukiwa mtupu. Nilivyoukaza mimi, ulitetema mara 130 kwa sekunde. Hiyo ndiyo sauti sikio linayoipa jina. Lakini ndani ya sauti hiyo kuna nyingine zilizojificha: 260, 390, 520, na kuendelea, kila moja ni 130 mara mbili, mara tatu, mara nne. Ndiyo maana uzi mzuri wa gitaa au wa udi unasikika mtamu, sauti zake za ndani zinalingana. Mtawa Mfaransa Marin Mersenne aliandika kanuni yake mwaka 1636: ongeza urefu, sauti inashuka, kaza, inapanda, nenepesha uzi, inashuka. Kila mpiga gitaa anayajua haya kwa vidole hata kama hajawahi kusikia jina la mtawa huyo.

Sasa bana chubwi moja, gramu 0.3 tu, sentimita 20 kutoka kigingi kimoja, yaani robo ya uzi. Uzi wenyewe wote hauzidi gramu moja, kwa hiyo umeutwika theluthi ya uzito wake. Namba zinavurugika. Ile 130 inashuka hadi karibu 109. Ile 260 inashuka hadi karibu 208. Ya tatu inaangukia kwenye 362 au hapo karibu. Lakini 520 haisogei hata kidogo. Mara ya kwanza nilipoiona nilidhani nimekosea kupima. Ukifikiri, ni jambo la kawaida: uzi unapotetema kwa sauti yake ya nne hugawanyika vipande vinne vinavyopanda na kushuka kwa zamu, na mipakani mwa vipande hivyo uzi umetulia. Robo ya uzi ni mpaka. Chubwi limekaa mahali pasipotikisika, kwa hiyo sauti ya nne haijui kama lipo. Kila sauti inalihisi chubwi kwa kadiri inavyopatikisa mahali hapo. Lord Rayleigh ana hesabu ya namna hii, kwa uzito mdogo unaotofautiana, katika kitabu chake kikubwa kuhusu sauti cha mwaka 1877, na hadi leo sijaona aliyeieleza kwa maneno machache zaidi yake.

Mlinganyo unaotawala yote haya ni mfupi. Unasema: pale uzi unapojipinda, ukali wa mpindo ni zao la vitu vitatu, yaani uzito wa uzi mahali hapo hapo, umbali ambao uzi umechepuka kutoka kwenye mstari wake, na namba moja ambayo ni ileile kuanzia kigingi hadi kigingi. Hiyo namba moja ndiyo shughuli. Ukichagua namba ovyo, umbo unaloanza kulichora kutoka kigingi cha kwanza linafika kigingi cha pili likiwa juu au chini yake, halifungi. Ni namba maalumu tu zinazofunga. Wafaransa wawili, Sturm na Liouville, walionyesha kwenye miaka ya 1836 na 1837 kwamba hata uzito wa uzi ubadilike vipi njiani, namba hizo zipo, zimepangana kama ngazi isiyo na mwisho, na kila ngazi ina umbo lake: la kwanza halina mahali patulivu katikati, la pili lina pamoja, la tatu pawili, bila kuruka hata moja.

Kwa Kiswahili sina jina la namba hizo. Darasani tunatumia neno lenye kichwa cha Kijerumani, eigen, ambalo ni sawa na kusema "-ake mwenyewe". Ndivyo nilivyomweleza mama: namba zake uzi wenyewe, hazitoki kwa aliyeupiga. Piga kwa hasira au kwa upole, namba ni zilezile. Mama akasema basi ni kama tabia ya mtu. Sikubisha, ingawa msimamizi wangu angebisha.

Tasnifu yangu ilikwenda kinyumenyume. Si kutoka uzito kwenda kwenye namba. Kutoka namba kurudi kwenye uzito. Nikupe orodha ya namba za uzi usiouona, uniambie wapi ni mzito na wapi ni mwepesi. Sura ya nne ilikuwa na theoremu niliyoiandika mwenyewe iliyodai kwamba inawezekana, na ilikuwa na majaribio arobaini ya ubaoni yaliyokubaliana nayo. Msimamizi wangu alikuwa ameisoma na kuandika pembeni "vizuri". Siku ya kuwasilisha mbele ya idara ilikuwa imebaki wiki mbili na nusu. Nilikuja Pangani kupumzika na, tuseme ukweli, kujionyesha.

Kwa nini kujionyesha? Baba amevua kwa mshipi tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa na theluthi ya mashua, yeye na wenzake wawili. Nilipopata nafasi ya uzamili na nikakosa ufadhili, aliiuza theluthi ile. Aliniambia kwenye simu kwamba ni kwa sababu ya macho, kwamba mtu asiyeona vizuri hana kazi na mashua. Nikakubali kwa sababu kukubali kulikuwa rahisi. Mwaka mzima baadaye mama, akiwa anamenya muhogo, akaniambia kama anayezungumzia hali ya hewa kwamba wakati ule baba alikuwa bado anaona mlingoti wa mashua ya mtu mwingine akiwa ufukweni. Tangu hapo kila nikirudi nyumbani nina kiu ya kumwonyesha kitu kinachoshikika. Huwezi kumwonyesha mtu theoremu. Ubao, uzi na machubwi aliyoyakata mwenyewe kutoka kipande cha risasi, hayo anayashika. Alikuwa akiyabana kwa meno hadi nilipomnunulia koleo na kumhubiria kuhusu sumu ya risasi. Alinisikiliza, akasema meno yenyewe yamebaki machache.

Usiku ule sikulala. Walipozima taa nilitoka na ubao hadi barazani, nikawasha laptopu, nikalipiga tena jaribio lilelile. Halafu nikafanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya miezi saba kabla: nikaugeuza ubao mzima, kichwa kikawa mkia, nikaupiga tena. Namba hazikubadilika. Bila shaka hazikubadilika! Uzi ni uleule, umegeuzwa tu. Uzi wenye chubwi sentimita 20 kutoka kushoto na uzi wenye chubwi sentimita 20 kutoka kulia una 109 ileile, 208 ileile, 362 ileile. Mtoto wa darasa la nne angeniambia hivyo kama ningemuuliza. Hakuna masikio wala maikrofoni ya bei yoyote inayoweza kutofautisha nyuzi hizo mbili kwa namba hizo peke yake, kwa sababu tofauti haimo kwenye namba.

Basi ilikuwaje nikapatia mara arobaini? Nilirudi kwenye programu mstari kwa mstari. Programu huanza kwa kubahatisha: inayaweka machubwi ya kufikirika mahali fulani, inakokotoa namba, inalinganisha na za kweli, inayasogeza, inarudia. Na mahali pa kuanzia nilipaandika mimi, upande wa kushoto. Kwa nini kushoto? Kwa sababu chumbani kwangu upande wa kulia wa ubao una kikazio na maikrofoni, mkono haupiti vizuri, kwa hiyo machubwi ya kweli nilikuwa nikiyabana kushoto siku zote. Mimi niliyaficha na mimi niliambia programu pa kuyatafutia. Majaribio arobaini yalikuwa jaribio moja lililorudiwa mara arobaini.

Ningependa kuandika kwamba niliamua palepale kusema ukweli. Sikuamua. Nilikaa barazani na mbu hadi adhana ya alfajiri nikipanga namna ya kunyamaza. Ilikuwa rahisi sana. Neno moja tu kwenye theoremu: "tuchukulie uzito umeelemea kushoto". Wanahisabati huchukulia mambo kila siku, nani angeuliza? Wakaguzi wasingekuwa na ubao. Wasingekaa ng'ambo ya meza. Na baba mwenyewe ndiye shahidi kwamba nimepatia.

Kilichonizuia hakikuwa wema. Ni kwamba asubuhi ile, katika kutafuta namna ya kuipamba sentensi ile, nilianza kusoma kwa mara ya kwanza kwa makini kurasa ambazo nilikuwa nimezitaja tu kwenye sura ya pili ili orodha ya marejeo iwe ndefu. Na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba kioo kile, kushoto na kulia, ni mlango tu wa nyumba kubwa zaidi.

Mswidi Göran Borg alikuwa amelimaliza swali hili kwenye mlinganyo ulio ndugu wa huu wangu mwaka 1946. Orodha moja ya namba haitoshi. Si kwa sababu ya kioo peke yake. Kwa orodha moja kuna umati wa nyuzi tofauti zinazotoa namba zilezile, na kioo ni yule mmoja tu katika umati anayeonekana kwa macho. Kama unajua tangu mwanzo kwamba uzi una ulinganifu, nusu ya kushoto ni picha ya nusu ya kulia, hapo orodha moja inatosha. Vinginevyo unahitaji orodha mbili: sikiliza uzi ukiwa umeshikwa kwa namna moja, kisha badilisha unavyoshikwa kwenye ncha moja, usikilize tena. Orodha mbili kwa pamoja zinaufichua.

Halafu kulikuwa na Mark Krein. Huyu nilimsoma hadi nikasahau chai. Alifanya kazi maisha yake karibu yote Odessa, mji wa bandari kwenye Bahari Nyeusi, na mwaka 1941 yeye na Gantmacher walitoa kitabu ambacho ndani yake kuna uzi mwepesi usio na uzito, wenye shanga zilizotungwa hapa na pale. Shanga! Nilitazama ubao wangu. Mshipi na machubwi, kitu kilekile. Krein aliona kwamba uzi wa namna hiyo ulikuwa umeshasimuliwa bila mtu kujua katika kazi ya Mholanzi Stieltjes ya mwaka 1894, mwaka aliofariki, kazi kuhusu sehemu ndani ya sehemu ndani ya sehemu, hesabu tupu isiyo na uzi wala shanga. Ukichukua orodha mbili za Krein, moja ncha zote zikiwa zimefungwa na nyingine ncha moja ikiwa huru kupanda na kushuka, ukazigeuza kuwa sehemu moja kubwa, kisha ukaanza kuigawanya kama tunavyogawanya shuleni, kinachodondoka kwenye kila hatua ni: umbali hadi shanga ya kwanza, uzito wa shanga ya kwanza, umbali hadi ya pili, uzito wa ya pili, hadi mwisho. Si kwa kubahatisha na kusogeza. Kwa kugawanya. Programu yangu ya mistari elfu moja ilikuwa inafanya vibaya kazi ambayo kalamu inafanya vizuri.

Kuna furaha fulani ya ajabu katika kugundua kwamba umekosea kitu kizuri namna hiyo. Ilidumu mpaka nilipokumbuka ada.

Msimamizi wangu alinisikiliza ofisini kwake bila kunikatiza. Nilileta ubao, nikaugeuza mbele yake. Akautazama muda mrefu, akafungua sura ya nne, akaenda hadi pale alipoandika "vizuri", akakata neno lake kwa kalamu nyekundu. "Hili na mimi nililiona nikalipita," akasema. Kisha akaniambia nilichokijua: siwezi kuwasilisha baada ya siku kumi. Theoremu haihitaji kiraka. Inahitaji kuandikwa upya, na majaribio yote arobaini yafutwe. Muhula mmoja zaidi. Akaniuliza kama nitaweza upande wa fedha. Nikajibu ndiyo, kwa kasi ya mtu ambaye hajui.

Mwezi uliofuata nikapanda tena basi la Tanga, kisha jingine hadi Pangani. Ubao mapajani.

Nilimkuta baba nyuma ya nyumba akiwa na mshipi. Siku hizi wenzake wa zamani humletea mishipi yao aikague, kazi anayoifanya bila macho kabisa. Anaupitisha mshipi kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, mita baada ya mita, na pale ulipokwanguliwa na mwamba au ulipovimba kwa fundo la zamani, anasimama. Nikamwamkia, nikaketi kwenye kigoda, nikamwambia moja kwa moja.

"Baba, siku ile sikupatia."

"Ulipatia. Nilipima mwenyewe."

"Ulipima kutoka upande wako."

"Ndiyo. Kumi na nne, ishirini na saba..."

"Programu haikujui upande wako, baba. Ilikuwa inasema upande wangu."

Akanyamaza, vidole vikiendelea. Alibisha kwa dakika nyingi, na alibisha vizuri: kama umbali ni sahihi na idadi ni sahihi, kosa liko wapi, si ni suala la nani amekaa wapi tu? Nikamwekea ubao mapajani. Nikambania chubwi moja, nikapiga, nikamsomea namba. Nikaugeuza ubao, nikapiga, nikamsomea. Akaomba nirudie. Nikarudia. Kisha akafanya alichopaswa kufanya: akauweka ukucha wake kwenye uzi akaupiga mwenyewe, akaugeuza, akapiga, ameinamisha sikio.

"Sauti moja," akasema.

"Moja."

"Kwa hiyo aliyeko nje ya kanga hawezi kujua."

"Hawezi. Mimi nilikuwa nabahatisha kushoto kila siku."

"Si apitishe kidole?" Na akapitisha, akasimama kwenye chubwi.

Nikamweleza kwamba ndilo swali lenyewe, kujua bila kugusa. Kuna nyuzi usizoweza kuzipitisha kidole. Hapo akacheka kidogo, akasema hilo halihitaji chuo. Mshipi ukiwa pima arobaini chini hupitishi kidole. Unaushika umekaza, unausikiliza. Halafu unaulegeza kidogo, unausikiliza tena. Ukisikiliza mara moja tu utavuta mwamba ukidhani ni chewa.

Sitadai kwamba baba alimgundua Borg kule baharini. Alichokuwa akizungumzia ni samaki, na mlinganyo wa mshipi uliozama majini ni mnyama mwingine mbaya zaidi kuliko huu wangu. Lakini niliandika sentensi ile kwenye simu yangu mbele yake, na akaniona.

Kisha nikasema lile lingine, la muhula na ada. Hili nililisema nikitazama mshipi. Aliuliza kiasi. Nikataja. Akaendelea kupitisha vidole, mita mbili, tatu, akasimama mahali, akakata kwa kisu na kuanza kuunga fundo. Fundo lilimchukua muda mrefu kuliko zamani. Alipomaliza akasema mama yako ana mchezo wa kupokezana na wenzake, zamu yake ni mwezi wa pili. Nikasema hapana, nimepata kazi ya kufundisha tuisheni jioni, nitalipa nusu, nusu nyingine nitaomba chuo wanigawie. Akasema hapana yangu haikuulizwa. Ndani, mama, ambaye kumbe alikuwa akisikia kila kitu, akasema mchezo ni wake na hajatoa ruhusa, na kwamba kama kuna mtu anaona ni wa baba aje aseme usoni mwake. Tukanyamaza wote wawili. Baadaye jioni akanipa, kwa sharti kwamba jina lake liandikwe kwenye kitabu. Liko kwenye ukurasa wa shukrani, mstari wa kwanza.

Kabla ya kurudi Dar tulirudia mchezo. Ncha huru ya Krein ni ngumu kuitengeneza kwenye ubao. Uzi usiofungwa haukazi. Nilitumia njia nyingine: orodha ya kwanza kama kawaida, halafu chubwi la nne, ambalo mimi mwenyewe najua liko wapi, linabanwa sentimita 8 kutoka kigingi cha kulia kwangu, na uzi unasikilizwa upya. Chubwi hilo linauvunja ule ulinganifu wa kioo. Kama mzigo mwingine uko upande wake, namba zinashuka kwa namna moja. Kama uko ng'ambo, kwa namna nyingine. Tofauti ni ndogo, lakini ipo, na programu mpya inaanzia pande zote mbili kabla ya kuamua.

Baba akaficha. Nikapiga, nikabana la nne, nikapiga tena. Niliogopa kutangaza, kwa hiyo nikaandika kwenye karatasi na kumpa mama. Safari hii mama ndiye aliyepima, kutoka upande wangu, akiwa amesimama nyuma ya kiti changu ili kusiwe na maneno. Mawili yalikuwa sawasawa. La tatu nilikuwa nimelikosa kwa sentimita moja na nusu.

"Lipi?" baba akauliza.

"La mwisho. Lile karibu na kigingi."

Akapitisha kidole. Akasema lile hakulibana vizuri, huenda lilisogea wakati napiga. Nikasema huenda. Hilo nimeliandika kwenye sura ya tano chini ya vyanzo vya makosa, pamoja na joto, unyevu na kikazio kinacholegea.

Ubao nimeuacha Pangani. Nilikusudia kuuchukua safari iliyofuata, lakini mama ananiambia uzi umeshakatika na baba anaukatia chambo juu yake, eti una urefu mzuri. Nimepata mwingine kwa fundi seremala wa huku mtaani. Muhula unaanza Machi.